Breki za Bi Tausi na Mteremko wa Kikoneni

Abdulwahab Chirau,
Karani Mstaafu wa Mahakama ya Kadhi,
Nyuma ya Msikiti wa Zamani,
Mwabungo, Kwale.

Kwa Mheshimiwa Msimamizi,
Kitengo cha Usalama wa Magari ya Kale na Vipuri vya Ng'ambo,
Mombasa.

Mheshimiwa,

YAH: KUZUILIWA KWA GARI LANGU, KUZUILIWA KWA KIPURI CHAKE, NA HARUSI YA MJUKUU WANGU ILIYOKWAMA BAINA YA HAYO MAWILI

Assalaam aleikum. Nataraji barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na jamaa zako, pamoja na vijana wa ofisini kwako ambao simu zangu wamezipokea kwa upole mwingi na kuzikata kwa upole uleule.

Mimi nimeandika barua za serikali sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hivyo najua kwamba msomaji wa ofisini husoma mwanzo, akaruka katikati, akatua kwenye sahihi. Nakuomba kwa heshima na taadhima safari hii usiruke. Gari langu limekwama hapo katikati.

Jambo lenyewe ni hili. Nina gari aina ya Pijo 404, lile la nyuma ndefu, lililonunuliwa na marehemu baba yangu. Jina lake ni Bi Tausi, na Mwabungo nzima inamwita hivyo. Katika nyumba yetu hakuna msichana aliyewahi kutoka kwenda kwa mumewe kwa gari jingine. Dada zangu walitoka naye, binti zangu walitoka naye, na mke wangu, marehemu Bibi Chiku, niliyemwoa Msambweni, aliletwa naye mpaka mlangoni pangu. Kuna miaka ambayo Bi Tausi hakuwapo, kama nitakavyoeleza, na miaka hiyo hakuna msichana wa kwetu aliyeolewa. Wapo wanaosema ilitokea tu. Mimi sibishani nao.

Sasa imefika zamu ya Hasina, mjukuu wangu niliyebaki naye nyumbani tangu Bibi Chiku atutangulie. Anaolewa na kijana wa Kikoneni aitwaye Mbarak Mwero, mkulima wa michungwa. Harusi imewekwa wiki ya baada ya Idi Kubwa. Mkaguzi wenu, Bwana Harrison, alikuja akabandika kwenye kioo cha mbele karatasi nyekundu isemayo gari hili lisibebe mtu mpaka silinda kuu ya breki, ile ambayo mafundi wa Ukunda huiita masta, ibadilishwe. Silinda imeagizwa. Imevuka bahari, imefika bandarini, na hapo ofisi yako imeizuia. Yaani gari mmelizuia kwa kukosa kipuri, na kipuri mmekizuia ninyi hao hao. Nami hapa nina bi harusi asiye na chombo cha kumtoa.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu Bi Tausi kuitwa mgeni. Mwongozo wenu mpya unasema gari lolote la kale lililoingizwa kutoka ng'ambo likaguliwe upya. Nakubali kwamba aliingia kutoka ng'ambo. Lakini ng'ambo alikwenda akitoka wapi? Alitoka hapa hapa Mwabungo. Kulikuwa na Mjerumani mmoja, Bwana Otto, mwenye nyumba Diani, aliyempenda gari huyu hata akawa haongei habari nyingine. Nikampa, naye akanipa mashine ya boti, akaondoka naye kwa meli. Huko kwao Bi Tausi alikataa kuwaka kwa ajili ya baridi. Bwana Otto alipofariki, mjane wake aliniandikia kwamba gari lile halikufanya kazi yoyote kwake isipokuwa kudondosha mafuta sakafuni, na kwamba ananirudishia kwa mapenzi. Likarudi, Hasina akiwa hata meno ya pili hajaota.

Mheshimiwa, huku Ukunda tunao vijana wetu waliochukuliwa na wageni wakaenda kukaa Ulaya, baridi ikawashinda, wakarudi. Wanaposhuka kwenye ndege hatuwalazi chini tukawamulika tumboni kwa tochi. Mama zao huwapikia wali wa nazi, yakaisha. Sioni kwa nini Bi Tausi anyimwe ubinadamu huo.

2. Kuhusu upya na ukale. Ibara moja ya mwongozo inataka gari la kale liwe na viungo vyake vya asili, la sivyo si la kale. Ibara inayofuata inataka vipuri vya breki viwe vipya, la sivyo si salama. Nilimwuliza kijana wenu kwa simu: kipuri cha asili, cha gari ambalo kiwanda kiliacha kulitengeneza kabla yeye hajazaliwa, kitakuwa kipya namna gani? Akasema niambatishe barua ya kiwanda. Nikamwuliza: na nikishatia kipuri kipya, gari litabaki kuwa la kale? Akasema nisubiri kwenye simu. Nilisubiri nikisikiliza muziki wenu mpaka adhana ya alasiri ikaja kuniokoa.

Naomba unitazame mimi. Meno niliyonayo si niliyoanza nayo. Jicho langu la kulia limetiwa kioo kipya na daktari, na la kushoto linangoja zamu. Goti nalo lina chuma. Hakuna mtu Mwabungo aliyesimama akasema kwamba mimi si Abdulwahab wa asili.

3. Lalamiko hili nimeliondoa. Hasina amelisoma, akasema halina adabu.

4. Kuhusu mikanda na moto. Kabla ya hapo niseme kwamba Bwana Harrison ni kijana mwema. Anatoka bara. Siku ya kwanza alinisalimia kwa "niaje mzee", nikangoja, naye akangoja, tukawa tunatazamana mlangoni. Hasina ndiye aliyemvuta pembeni akamfundisha shikamoo, na tangu siku hiyo anaitoa kwa kila mtu, pamoja na Hasina mwenyewe. Mahamri yetu alikula bila maringo. Sina ugomvi naye.

Lakini alisema gari libebe watu watano tu, kila mmoja na mkanda wake. Sasa mnijulishe nani ashuke. Yupo bi harusi. Yupo somo wake, yule mwanamke anayemfunda, ambaye hawezi kumwacha. Wapo shangazi zake, ambao ukimwacha mmoja nyuma nyumba itakuwa na matanga badala ya harusi. Lipo kasha la nguo. Mkanda wenyewe utapita juu ya mikono yenye hina. Na yupo yule mwenye kushika chetezo, kwa sababu bi harusi wa kwetu hufukizwa udi njia nzima mpaka anashuka. Hapo ndipo Bwana Harrison aliposhika kichwa. Aliniuliza kama ni kweli tunawasha makaa ndani ya gari la petroli. Nilimjibu kwamba chetezo kimewaka humo harusi zote, na aliyewahi kuungua ni shangazi mmoja tu, naye kwa sababu alisinzia. Aliandika jambo hilo kwenye karatasi zake kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka.

5. Kuhusu hizo breki zenyewe. Mkaguzi wenu amesema hazishiki. Huo ni usemi wa mtu asiyemjua Bi Tausi. Ukikanyaga mara ya kwanza, pedali inazama mpaka chini. Ukikanyaga tena, inafikiri. Ya tatu inakubali. Hii ni tabia yake, na anayemjua huanza kukanyaga mapema. Kutoka msikitini mpaka barabara kuu mimi huanza kukanyaga nikifika kwa muuza viazi karai.

Zaidi ya hayo, breki ni za kusimamisha gari lenye mwendo, na Bi Tausi mwendo hana. Watu wakisikia honi yake huondoa mbuzi, baiskeli na majiko bila kuombwa. Na anapofika nyumba ya harusi hakuna haja ya kukanyaga chochote, kwa sababu akina mama hujitokeza mbele na leso zao na vigelegele, wakajaa njia nzima, gari likasimama lenyewe. Mpaka leo hajamgonga hata mmoja. Mmoja aliwahi kukalia boneti, lakini alisema alikuwa amechoka.

6. Kuhusu kutoa upepo. Hapa naomba utulivu wako, Mheshimiwa, maana ibara hii imeniuma kuliko zote.

Mwongozo unasema kazi ya kutoa upepo kwenye mipira ya breki ifanywe na fundi mmoja mwenye cheti, kwa mashine maalumu. Huenda hujawahi kulala chini ya gari, kwa hivyo nitakueleza. Upepo ukiingia kwenye mafuta ya breki, pedali inakuwa laini, haina nguvu. Lazima utolewe. Mtu mmoja hukaa juu akikanyaga pedali. Mwingine hulala chini gurudumuni, akafungua kijiskurubu kidogo, mafuta yakatoka na upepo wake, akafunga kabla wa juu hajaachia. Wa juu akiachia mapema, upepo unarudi wote na kazi inaanza upya. Hawaonani. Ni sauti tu: kanyaga, shikilia, achia.

Aliyekuwa akinikanyagia ni Bibi Chiku, na alipoumwa miguu, Hasina alichukua nafasi. Alikuwa mdogo hivi kwamba alikanyaga kwa kusimama, ameshika usukani kwa mikono miwili. Alikua hapo hapo. Alifika mahali akakanyaga ameketi, halafu akakanyaga huku akinisomea gazeti, kwa kuwa macho yangu yalikuwa yameanza kunisumbua. Habari za nchi hii nyingi nimezisikia nikiwa chini ya gari, matone ya mafuta yakinidondokea shingoni. Tukimaliza nagonga bodi mara mbili, yeye anagonga dirisha mara mbili, kisha tunakwenda kunywa chai. Hatujawahi kukosea, hata siku tuliyokuwa tumenuniana.

Sasa ofisi yako inaniambia kazi hii ni ya mtu mmoja na mashine. Nasema bila kuficha kwamba mtu aliyebuni mashine hiyo hakuwa na mtu nyumbani kwake.

7. Kuhusu mteremko. Bwana Harrison aliniambia kwamba hapa pwani, penye tambarare, angeweza kufumba jicho moja. Tatizo ni Kikoneni. Ukiacha barabara ya Lungalunga ukaingia bara, njia inapanda na kushuka, na pana mteremko mmoja ambao yeye mwenyewe, na gari lake la ofisi, aliuteremka akisoma dua za kwao.

Basi kosa ni la mteremko. Bi Tausi, ukiondoa ile miaka ya baridi, amekaa Mwabungo maisha yake yote hajamkosea mtu. Mteremko ndio uliojileta. Ningependa kujua mteremko huo una cheti gani, ulikaguliwa lini, na kwa nini karatasi nyekundu haijabandikwa juu yake. Napendekeza usawazishwe kabla ya Idi Kubwa. Kama hilo ni zito kwa ofisi yako, basi Kikoneni yenyewe iteremshwe huku pwani kwa siku ile ya harusi. Ikishafika huku, sioni haraka ya kuirudisha. Kuna kiwanja kitupu ubavuni mwa nyumba yangu, udongo wake si mbaya, na nimemwambia Mbarak mara kadhaa kwamba mchungwa unaweza kuota mahali popote mtu akiwa na nia. Alinijibu kwa adabu kwamba mchungwa hautaki chumvi. Nimeuliza watu wengine na wamesema hivyo hivyo, lakini hao nao ni wa Kikoneni.

8. Kuhusu mambo yanayoingizwa bila kukaguliwa. Hili ndilo lalamiko langu kubwa, na nadhani litakunufaisha hata wewe kama una mabinti.

Kipande cha chuma kinachoenea kiganjani kimetakiwa kionyeshe kimetengenezwa wapi, kimetumiwa na nani, kimepimwa na nani, na kama kitashika siku ya mteremko. Lakini kijana mzima anaingizwa katika nyumba yangu, tena atoke humo na mtu wangu, na hakuna ofisi hata moja kutoka hapa mpaka Nairobi inayouliza swali. Wanaleta posa, wanaleta wazee wao, tunakula pilau, imekwisha. Hilo ni pengo kubwa katika mwongozo.

Naomba mwongozo upanuliwe. Bwana harusi yeyote atokaye ng'ambo ya mto Ramisi azuiliwe kwanza bandarini. Abandikwe karatasi nyekundu. Itazamwe akichemka anachemka kwa haraka au kwa taratibu. Itazamwe kama anadondosha maneno sakafuni. Apelekwe kwenye mteremko uleule wa kwao, aambiwe asimame, ionekane kama atasimama mara ya kwanza anapoambiwa au mpaka arudiwe. Na aandike kwa mkono wake kwamba mke akitaka kwenda kumtazama babu yake siku yoyote isiyo ya sikukuu, chombo kitapatikana.

Mimi, kwa kuwa ofisi yako haijaanza, nimemfanyia Mbarak ukaguzi mdogo wa nyumbani. Nilimpa kiti kibovu, akakigeuza, akakitengeneza, ndipo akakikalia. Nilimchelewesha chakula, akaongea na mimi habari za nyuki mpaka kikaiva. Nilimwambia kwamba Bi Tausi hatapona na harusi itabidi ingoje, akaenda akahangaika kwenye simu yake mpaka akaipata silinda kwa mtu mmoja wa Ureno, akaiagiza bila kunishauri. Kila ninapomtafutia kasoro ananiletea kikapu cha machungwa. Uliwahi kuona kitu kisicho na kasoro hata moja kikapitishwa na mkaguzi mwenye akili zake? Mimi nimekataa kutia sahihi.

Kwa sababu hizo zote, Mheshimiwa, nakuomba silinda yangu iachiliwe, ingawa nimeshaeleza kwamba Bi Tausi haihitaji. Nakuomba karatasi nyekundu iondolewe kiooni, kwa maana imewekwa upande wangu ninaotazamia njia, na hilo pekee ni hatari kuliko breki. Nakuomba suala la mteremko na suala la mabwana harusi uyafikishe kwa wakubwa. Ofisi ikishindwa na yote haya, basi itoe barua rasmi, yenye muhuri, isemayo kwamba harusi imesogezwa mbele kwa sababu za usalama wa nchi. Barua hiyo naweza kuiandika mimi, nanyi mkapiga muhuri tu. Mwandiko wangu bado unasomeka.

Nisalimie wote walio ofisini kwako, wa juu na wa chini, na yule kijana wa simu mwenye muziki. Msalimie sana Bwana Harrison, mwambie mahamri yapo, na Hasina anauliza kama shikamoo ameshajua kuipunguza. Wa hapa Mwabungo wote wazima na wanakusalimu, isipokuwa shangazi wa chetezo, ambaye hajakusamehe.

Wako mtiifu kwa kadiri mwongozo unavyoruhusu,

Abdulwahab Chirau

Nakala kwa: Bwana Chifu, Imamu wa msikiti wetu, wazee wa Kikoneni, wasome lalamiko la saba.

Tanbihi. Kabla sijafunga bahasha, Mbarak amefika na pikipiki, silinda ameiweka kifuani ndani ya shati, imefungwa gazeti. Kumbe ofisi yako ilikwisha kuiachilia, nami nilikuwa bado naandika. Nawashukuru.

Silinda tumeifunga garini asubuhi ya leo. Mimi nililala chini, Hasina akaketi juu, tukatoa upepo magurudumu yote kama desturi yetu. Nilipogonga bodi, alikawia kidogo kabla ya kugonga dirisha. Kisha nikamtoa Bi Tausi njiani, nikafika kwa muuza viazi karai, nikakanyaga kama kawaida yangu. Gari lilisimama pale pale kwa mara ile ya kwanza, na mimi nikagonga usukani kwa kifua.

Mheshimiwa, sikujua. Miaka yote hii nilidhani nina breki. Nilikaa pale nikiwakumbuka wote niliowabeba, mmoja mmoja, mpaka muuza viazi akaniletea maji. Kwa hivyo malalamiko yote, la kwanza hadi la mwisho, nayafuta. Mikanda nimeagiza. Shangazi na chetezo chake watakwenda kwa gari la nyuma, amenuna lakini amekubali. Bwana Harrison na aje abandue karatasi yake siku atakayopenda, na harusi ataila akiwa upande wa wageni wa heshima. Mbarak nimemtilia sahihi.

Limebaki moja tu, na hili Hasina hajalisoma. Breki hata zikiwa mpya hutaka kutolewa upepo kila baada ya muda. Ile mashine ya mtu mmoja niliyoidharau katika lalamiko la sita, naomba uniandikie inauzwa duka gani.